Ngoma Niliyoilinda Mwenyewe Muze

Mimi sikufundishwa na mtu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Sumbawanga, nawajua kwa sura, wanaopita wakisema walinishika mkono. Waongo. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu aliyependa ramani nilizomchorea ubaoni. Baada ya hapo kila kitu nimekitoa kichwani mwangu. Ukienda njia ya Mpui ukaona ukuta wa bucha una ng'ombe anayekutazama mpaka unajisikia vibaya kununua nyama, huyo ni wangu. Ukisikia gitaa kwenye harusi, lile linaloanza taratibu kama mtu anayebisha hodi, anayepiga ni mimi, na gitaa lenyewe nimelichonga kwa mkono huu, ubao wa mninga. Zeze, marimba, viti, sanamu ya Bikira Maria ya udongo, vyote nimefanya. Sijaona mwingine Ufipa nzima anayeweza hivyo vyote.

Sasa mtu wa namna hiyo lazima awe na macho ya kisogoni. Mwaka fulani nilimkuta ng'ombe wangu huko Ilemba, kwenye ukuta wa mtu, kachorwa na mkono mwingine. Macho yale yale, pembe zile zile, ila mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi. Nilisimama pale nikahisi nimevuliwa nguo. Tangu siku hiyo rangi nazichanganya mlango ukiwa umefungwa. Kwenye makopo naandika uongo: nyekundu naandika bluu, bluu naandika nyeupe. Mara mbili nimejidanganya mwenyewe, lakini heri hivyo. Na kwenye harusi nikimwona mpiga gitaa mwenzangu amekaa mbele anaangalia vidole vyangu, nageuka. Nawapigia watu nimewapa mgongo. Wanadhani ni mtindo.

Mtu mmoja tu ndiye niliyemruhusu kuingia karakana yangu muda wowote: shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu ndiye aliyesimama upande wangu wakati ukoo wao ulipokataa kumwoza binti yao kwa mchora kuta. Aliwaambia, "Mpeni, mikono yake haitalala njaa." Sikusahau. Tulipoanza kutengeneza ngoma tuligawana: mimi nachonga mzinga, ule mwili wa mti, na kuupaka picha, yeye anawamba ngozi. Sisemi mimi sijui kuwamba. Najua. Ila yeye ana dole gumba. Anabonyeza ngozi pembeni, anainamisha kichwa kidogo, anasikiliza, halafu anasema "bado" au "inatosha," na hapo ndipo anapigilia vijiti vya kuibana.

Basi wakaja watu wa Muze, kule chini bondeni. Alikuja mwenyekiti wa kwaya yao, mama mrefu aliyevaa koti juu ya kanga na kitenge juu ya koti, meno yanagongana.

"Fundi, nyie huku mnaishije? Hii baridi au adhabu?"

"Tumezoea, mama. Karibu."

"Tunataka ngoma. Mtakatifu somo wa kanisa letu ana sikukuu. Tunataka ikipigwa isikike mpaka ng'ambo ya mashamba ya mpunga."

Nikamwambia amefika kwenyewe. Mzinga niliuchonga kutoka gogo la mringaringa, na picha nilizopaka kuuzunguka sijawahi kupaka tena nzuri vile: juu uwanda wetu, ulezi umeiva, mama anaegemea jembe amejifunika shuka, katikati ule mteremko unaoshuka bondeni, miamba na kona zake, chini mpunga na ndege weupe na ziwa kwa mbali. Ukiuzungusha unaona safari nzima. Wiki tatu.

Wakati huo ndipo nilipoanza kumwona shemeji si yule. Nilimkuta nje ya karakana anaongea na simu, amegeukia ukuta. Nilisikia mwenyewe: "Huko kwenu joto likoje siku hizi, mama? Enhe. Mpaka saa ngapi? Sawa, nitaangalia." Aliponiona akaiweka simu mfukoni. Taratibu, bila kushtuka, na hilo la kutokushtuka ndilo lililonishtua mimi. Nikajiuliza, mtu anauliza joto la Muze la nini? Jibu likaja lenyewe: anataka kuhamia. Anataka kufungua karakana yake kule, na kwaya ile iwe mteja wake wa kwanza.

Siku ya kuwamba alibonyeza ngozi kwa dole gumba, akainamisha kichwa.

"Inatosha hii, shemeji."

Nikaipiga kwa kiganja. Ikatoa sauti ya tumbo lililoshiba. Huku juu ngoma ya namna hiyo unaionea aibu. Sisi ngozi zetu zinakula ubaridi na unyevu, zinalegea, ndiyo maana tunazivuta sana, na kabla ya kupiga lazima uwashe nyasi uioteshe ngoma moto kwanza mpaka ilie. Kila mtu Ufipa anajua hivyo.

"Hii mbona imelala?"

"Iache ilale. Itaamka yenyewe huko."

Itaamka yenyewe! Nikaona sasa mpango wote. Anataka ngoma yangu izomewe, kisha yeye awapelekee nzuri. Alipoondoka niling'oa vijiti, nikailowanisha ngozi, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikapigilia upya. Ilipokauka niliigonga kwa ukucha tu ikalia kama kengele.

Tulishuka Muze pamoja. Asubuhi ya misa nilikusanya nyasi kavu nyuma ya kanisa nikawasha.

"Shemeji, moto tena?" akauliza.

"Unanifundisha kazi?"

Nikaiotesha ngoma moto vizuri, nikamwachia ailinde, nikaenda kunywa chai. Misa ikaanza. Walipofika kwenye wimbo wa Utukufu mpigaji akainua mikono, akapiga mara tatu, na mara ya nne ngozi ikapasuka. Sauti yake ilikuwa kama mtu anachana kitenge. Kanisa zima likageuka. Mpasuko ulianzia ukingoni ukaja mpaka katikati, umenyooka kabisa, kama umepitishwa kisu.

Na kisu kilikuwa mfukoni mwa shemeji. Kile kidogo cha kupunguzia ngozi, anatembea nacho siku zote.

Nilimsubiri atoke. Uani, mbele ya watu waliovaa nguo za sikukuu, nikamwambia, "Umeikata."

"Nini?"

"Nilikuachia ngoma nzima, nimekuta ngoma mbovu. Umeikata kidogo pembeni ili ije ipasuke mbele za watu. Unataka kuhamia huku. Nimesikia simu zako."

Nilingoja abishe, maana mtu anayebisha unapata pa kumshikia. Hakubisha. Alitoa kisu mfukoni, akakifuta kwenye suruali, akanipa.

"Kaa nacho," akasema. "Usije ukakosa usingizi."

Akapanda gari lililokuwa linapakia mpunga, akaenda kwake Mpui. Hakukanyaga tena karakana yangu.

Mke wangu nilipomweleza hakupiga kelele. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Baba watoto, yule ndiye aliyenikabidhi kwako. Yeye akitoka humu kwa jina la msaliti, na mimi nitakuwa natoka. Si kwa siku moja. Kidogo kidogo."

Nilidhani ni maneno. Lakini akaenda Mpui kumsaidia kaka yake kuvuna ulezi, akakaa wiki. Akarudi. Akaenda tena, akakaa wiki mbili. Kila akienda begi lilikuwa limejaa, kila akirudi lilikuwa jepesi. Nikafungua kabati lake siku moja nikaona vitenge vimebaki viwili. Mimi ni mtu wa kuona vitu. Nikaelewa kwamba nisipothibitisha neno langu juu ya shemeji, nitabaki kwenye nyumba niliyoijenga kwa tofali langu nikiwa na makopo ya rangi yenye majina ya uongo.

Basi nikaamua kupata ushahidi. Niliwapigia simu Muze nikawaambia wanirudishie ule mzinga wenye picha niuwambe ngozi mpya, kazi yote nafanya mimi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: safari hii hakuna atakayeigusa ila mimi. Ikilia salama, basi ya kwanza ilikatwa, na aliyeikata anajulikana, na mke wangu atarudisha vitenge vyake.

Niliiwamba mwenyewe, mlango umefungwa. Niliivuta zaidi ya ile ya kwanza. Niliiweka chini ya kitanda changu. Kwenye gari niliipakata. Kondakta akaniambia niiweke juu na mizigo, nikamwambia aniweke mimi juu, ngoma ibaki. Tuliposhuka ule mteremko watu wakaanza kuvua makoti moja baada ya jingine kama kawaida, mimi sikuvua langu, nilihofia kuiachia mkono hata dakika moja.

Muze niliomba kigoda, nikaketi uani hatua mbili kutoka ngoma ilipo. Waliniletea maji, nikaogopa kugeuza uso kuyapokea. Yule mama mwenyekiti akaja, safari hii kavaa kanga moja tu, anajipepea.

"Fundi, hapo unalinda ngoma au unalinda maiti?"

"Nalinda kazi yangu, mama."

"Na hilo koti? Hatuibi makoti huku, hatuna kazi nayo."

Wanakwaya wakacheka. Wacheke. Walipoingia ndani kufanya mazoezi nilibeba ngoma nikaenda nyuma ya jiko, mahali asipofika mtu, nikawasha nyasi zangu. Sikutaka waone ninavyoiotesha moto, wasije wakajifunza. Nikaigeuza taratibu mpaka ikawa inalia kwa pumzi tu. Nikairudisha pale pale, nikaketi, nikaikazia macho. Jua lilikuwa limefika juu kabisa. Hapakuwa na mtu uani. Hapakuwa na kuku.

Ikapasuka.

Hakuna aliyeigusa. Sikuwa nimepepesa macho. Paa! halafu ule mchaniko, kutoka ukingoni kuja katikati, umenyooka kama umepitishwa kisu. Mstari ule ule. Na kisu chenyewe kilikuwa mfukoni mwangu.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka kuangalia nyuma ya ukuta kama kuna mtu. Cha pili, yule mama alipotoka mbio, nilimwangalia mikono. Ilikuwa mitupu. Aliinama, akanusa ngozi.

"Hii ina moshi. Uliiotesha moto?"

Niligeuza macho kuelekea nyuma ya jiko.

"Fundi! Uliiotesha moto, Muze, mchana huu? Sisi huku ngoma tunazipangusa kwa kitambaa chenye maji kabla ya misa, zisijivute. Mbona yule shemeji yako aliniuliza kabisa kwenye simu, joto likoje, linaanza saa ngapi? Nikamweleza. Akasema vizuri, ataiacha ilegee, itajivuta yenyewe ikifika. Mpaka leo nashangaa ilikuwaje."

Nilivua koti. Sijui kwa nini nilifanya hivyo kwanza, lakini nilivua.

Sikurudi Sumbawanga moja kwa moja. Nilipitiliza mpaka Mpui na ngoma iliyopasuka begani. Shemeji alikuwa uani anapepeta ulezi, na mke wangu kakaa kwenye mkeka karibu naye. Hakuna aliyenikaribisha kiti. Nikaiweka ngoma chini.

"Imepasuka tena," nikasema.

"Nani alikuwepo?" akauliza shemeji.

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi tu."

Akaacha ungo. Akapitisha dole gumba kwenye mpasuko, kutoka ukingoni mpaka mwisho, kisha akabonyeza sehemu iliyobaki nzima.

"Uliivuta."

"Niliivuta."

"Na ile ya kwanza? Baada ya mimi kuondoka?"

"Na ile."

"Na moto."

"Na moto, shemeji. Mara zote mbili."

Mke wangu akasema, bila kunitazama mimi, "Kaka, mwulize amekuja kukuomba radhi au amekuletea kazi."

"Vyote viwili," nikasema. Nikatoa kisu, nikampa shemeji kwa mikono yote miwili, kama anavyopewa mtu mzima kitu. Hakukipokea haraka. Mikono ilinichoka.

"Nitakuja," akasema mwishoni. "Lakini siku ya kuwamba wewe utakaa nje. Na mlango nitafunga mimi."

Mlango wangu! Karakana yangu, tofali zangu! Nikakubali.

Siku ile nilikaa nje kwenye baridi, natengeneza gitaa ambalo halikuwa na ubovu. Ukuta wa karakana una ufa, naujua ulipo, kiasi cha jicho moja. Niliuangalia ufa ule mchana mzima, sikwenda. Alipofungua niliipiga ngoma kwa kiganja. Ikatoa sauti ya tumbo lililoshiba. Maneno yalinijaa mdomoni, nikayameza.

Kule Muze ngoma iliamka yenyewe, kama alivyosema. Ilipofika saa nne asubuhi, kwenye Utukufu, ililia mpaka walioko mpungani wakainua vichwa, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa nawaambia watu kwamba mzinga ni wangu na picha ni zangu. Ngozi, nikawaambia, ni ya shemeji.

Mke wangu amerudi nyumbani. Alirudi na begi moja. La pili aliliacha Mpui, na mimi sikuuliza. Anaangalia kwanza. Nami namwacha aangalie, maana nalijua hilo jicho, ni langu. Wiki iliyopita shemeji alikuja kazini, akaingia, akalitua begi la pili mlangoni pangu.

"Amesema nilete," akasema, akaenda zake kuloweka ngozi.