Anzeni na Mlango wa Mgono

Naikumbuka siku ambayo babu yangu aliniambia nile taa. Nilikuwa kijana wa ndevu mbili tatu, mbishi kupita kiasi, na njaa ilikuwa imeingia hapa kwetu Kilelengwani. Nitakusimulia, mwanangu. Lakini kwanza nikueleze kwa nini nimeikumbuka wiki hii, maana mzee akianza hadithi bila sababu watu huinuka mmoja mmoja wakaenda kutazama chungu jikoni.

Juzi mjukuu wangu Rehema alikuja kutoka Garsen. Yeye ni mwanachama wa lile jumba dogo la makumbusho lililofunguliwa kule mjini, na wanachama wamepangiwa siku za sanaa na ufundi ambazo ziko njiani zinakuja. Siku moja akina mama watasuka ukili wa mikeka. Siku nyingine mama wa Kiorma watakuja na vyombo vyao vya maziwa, wawaonyeshe watu jinsi vinavyofukizwa. Kutakuwa na ufinyanzi. Na siku ya mgono amepewa Rehema aisimamie, kwa kuwa watu wanajua nimemfundisha mwenyewe, hapa hapa barazani, tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu.

Kama hujawahi kuuona mgono, ni mtego wa samaki. Unasukwa kwa fito na kamba ya ukindu, mpana mdomoni, mwembamba mkiani. Ndani ya mdomo kuna mdomo wa pili: njiti zimefungwa pamoja zikaelekea ndani, ncha zake zimekaribiana. Samaki akiingia, zinampisha. Akigeuka atoke, zinamchoma usoni. Huo wa ndani tunauita mlango, na mgono wote uliobaki ni kapu tu.

Rehema alikaa, akanywa maji, akazungukazunguka na maneno. Mwishowe akasema, "Babu, kamati wamesema tuuache mlango."

"Tuuache wapi?"

"Tusiutengeneze. Eti unakula time, na watoi watajidunga na hizo njiti. Wanataka kila mwanachama aende home na mgono wake wa kutundika ukutani. Wanasema hii ni sanaa, si uvuvi."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimesema nitakuuliza. Wakasema nikikataa, hiyo siku wataifanya ya shanga." Akatazama chini. "Babu, hii siku nimeingoja sana. Ni mara ya kwanza wananipatia kitu ya kusimamia."

Mwanangu, hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Ningemjibu palepale ningemjibu vibaya, na mtoto hakuwa na kosa. Nikaomba chai. Nikamwambia akae, nimweleze habari ya Bwana Taa.

Mwaka ule wa njaa mto ulikuwa umefurika ukaondoka na mpunga wetu wote, na ndizi, na mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Maji yalipopungua yaliacha maziwa yamejaa samaki, lakini ghalani hapakuwa na punje. Watoto wa dada yangu walikuwa wanalia wakitaka uji. Ndipo siku moja likaja lori kutoka upande wa pwani, akashuka bwana mmoja mnene, mchangamfu, mwenye salamu nzuri, akauliza nani hapa anasuka migono. Alikuwa anatafuta vitu vya kupambia hoteli. Alitaka migono aining'inize juu ya meza za wageni, ndani yake mkae taa. Tukampa jina siku hiyo hiyo.

Akaelekezwa kwa babu yangu, Mzee Jilo, maana mgono wa Jilo ulijulikana mpaka ng'ambo. Bwana Taa akaugeuza mmoja, akausifu, akaingiza mkono, akautoa haraka akinyonya kidole.

"Mzee, kazi safi kabisa," akasema. "Ila hizi njiti za ndani toeni. Taa yangu itapita wapi? Nitengenezeeni mingi, bila hizi, nami nitaleta unga magunia."

Unga! Mama yangu aliyekuwa anachambua mboga za porini aliacha mikono hewani. Mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu mgeni alikuja na unga mdomoni. Mimi sikungoja jibu la mkubwa. Nilichukua kisu, nikauvuta mgono uliokuwa karibu, nikaukata mlango wake mbele ya watu wote, nikampa Bwana Taa. Akafurahi, akanipiga bega.

Babu hakuinua sauti. Alisema, "Huo ulioukata, mimi mzee wako sitaki kuuona hapa. Kautege."

"Babu, huyu bwana anautaka wa taa."

"Kila mgono wa nyumba hii hulala majini kwanza ndipo uuzwe. Hata wa taa. Bwana, lala kwetu, kesho utachukua."

Nikabisha. Nilimwambia babu kwamba ukaidi haujazi tumbo, kwamba mkono mtupu haulambwi, kwamba watoto wa dada watakufa na milango yake ikiwa mizima. Ndiyo, niliyasema hayo, kwa mzee aliyenilea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akachukua mgono mwingine wenye mlango, akaniambia niitege yote miwili, pamoja, kwa chambo kimoja.

Asubuhi tulikwenda ziwani, mimi, babu na Bwana Taa na viatu vyake vya ngozi ndani ya tope. Niliinua kwanza ule niliokuwa nimeukata. Chambo kilikuwa kimeliwa chote. Utelezi wa kambare ulikuwa umepaka fito pande zote, kwa hiyo waliingia, tena si mmoja. Waliingia wakala wakaenda zao. Nikainua wa pili, ukanishinda mkono kwa uzito. Kambare wawili wakubwa walikuwa ndani, wanapiga mikia.

Babu akanikabidhi ule mtupu. "Huu ni wako. Leo watoto watakula hawa kambare. Wewe utakula taa."

Na kweli, mwanangu, mchana ule nilikaa na kapu langu nikiwatazama wenzangu wakila. Bwana Taa mwenyewe alikaribishwa, akala, akajilamba vidole. Alipomaliza alijaribu tena, sauti imeshuka. Babu akamwambia, "Bwana, nitakuuzia mgono. Nitakuuzia hata kumi. Lakini nauza na mlango wake. Ukifika kwako uukate mwenyewe, kwa kisu chako, na ukijua unachokata. Mimi mkono wangu hautaukata, na wa wajukuu wangu hautajifunza kuukata."

Bwana Taa alicheka, akadhani anavutwa bei. Alipoona hakuna bei inayovutwa, alikwenda nyumba ya jirani.

Sasa usije ukafikiri kwamba siku hiyo malaika walishuka wakampigia babu makofi. Mama yangu hakusema naye kwa muda mrefu. Majirani waliuza migono isiyo na milango, wakapika ugali, na harufu yake ilitufikia jioni tukiwa tunakula kambare na mboga chungu. Kambare leo, kambare kesho, mpaka watoto wakilitaja jina lake wanakunja uso. Mimi nilimchukia babu, nalisema wazi. Nilikuja kumwelewa baadaye sana, yeye akiwa kaburini.

Maana Bwana Taa alirudi. Alirudi msimu ule na misimu mingine, na kila aliporudi majirani waliketi wakasuka. Watoto wao walijifunza kusuka kwa kuwatazama, na walichokiona ni fito, kamba, mdomo mpana, mkia mwembamba. Mlango hawakuuona, kwa sababu hakuna aliyekuwa anautengeneza. Kisha hoteli ikabadilisha mapambo, lori likaacha kuja. Vijana wale walipoichukua migono yao kwenda ziwani ilirudi mitupu, wakasema samaki wamekwisha. Nilikuwapo. Niliwasikia kwa masikio yangu wakisema samaki wamekwisha, na mimi nimebeba kambare begani.

Leo, katika kijiji hiki chote, ukitafuta mtu anayejua kuufunga mlango wa mgono utatupata wawili, mimi na mwenzangu mmoja ambaye mikono yake inatetemeka hata kikombe hakishiki. Na Rehema. Hakuna aliyetukataza. Serikali haikupiga marufuku, wala padri hakuhubiri dhidi yake. Tuliuacha wenyewe, kwa hiari, huku tukisifiwa kwamba tuna mikono mizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nikamwambia Rehema, na ninakwambia wewe pia uliyejiandikisha uanachama pale Garsen, au unayepanga kupanda gari kutoka Hola kuja kutazama. Jumba la makumbusho ni jambo jema. Mimi si adui yake. Nimeingia mle, nimeona mtungi wa akina nyanya zetu umewekwa mahali pa heshima, nikafurahi mpaka nikavua kofia. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Jumba likikusanya kitu na kuacha kile kinachokifanya kifanye kazi, litakuwa limefanya kazi ya Bwana Taa, tena bila kutuletea unga.

Rehema alizungusha kikombe chake. Halafu akasema, "Babu, hata nikitaka, haitoshi. Kwa hizo saa chache mtu hawezi kusuka mgono mzima."

"Haitoshi kweli," nikamwambia. "Kwa hiyo usifundishe mgono mzima. Wafundishe mlango peke yake."

Akanitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamweleza. Mlango unasukwa peke yake, kisha ndipo unafungwa mdomoni. Ni njiti chache na kamba kidogo. Hata mtoto ataumaliza kabla ya chai ya saa nne kupoa, na akijidunga kidole atajua samaki anaambiwa nini. Waende nyumbani na mlango, wautundike ukutani wakitaka. Mwenye mgono usio na mlango hatajua maisha yake yote anachokosa. Mwenye mlango usio na mgono ataulizwa na kila mgeni, "Hiki ni nini?", naye atatafuta njia ya kurudi kwako.

Mtoto alicheka mpaka chai ikamwagika. Akatoa simu palepale akawaandikia kamati: siku ya mgono itakuwapo, na kitakachofundishwa ni mlango. Hakuomba ruhusa. Aliandika hivyo tu, akaweka simu chini.

Mpaka ninapokueleza haya kamati haijajibu. Wakikubali, nitakuwa pale asubuhi, nimevaa shati langu la kanisani, na mafungu ya njiti nimeyachonga mwenyewe. Wakiweka shanga, heri na shanga, wenye shanga ni wenzetu na kazi yao ni njema. Mimi na Rehema tutatandika mkeka nje ya lango, kwenye jua hilo hilo la Garsen, na apitaye akisimama ataufunga mlango. Sijawahi kusikia kwamba barabara ina kamati.

Mwanangu, watu watakwambia ubishi ni tabia mbaya. Walinambia mimi. Babu yangu hakunitoa ubishi, aligeuza tu upande unaotazama. Siku ile ya kisu nilikuwa nabishana na aliyenilea ili nimpendeze mpita njia. Usifanye hivyo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu akikusifu kazi yako kisha akakuomba utoe kitu ndani yake, muulize kwanza hicho kitu kina kazi gani, na kama hajui, wewe ndiwe mwalimu, usikubali akufundishe. Kama una njaa, sema una njaa, si aibu. Uza, kwa nini usiuze? Lakini uza kikiwa kizima, na anayetaka kukata akate kwa mkono wake. Na ukipewa nafasi ndogo, usiijaze kwa kapu ili ionekane imejaa. Chukua kile kidogo ambacho kikipotea vyote vimepotea, ufundishe hicho.

Na njoo siku hiyo. Lete na mwenzio asiyejua hata kuutamka mgono. Ndani ya lango au nje ya lango, hutatukosa.

Mungu aliyeupa mto huu njia yake akupe riziki isiyokuinamisha. Akuhifadhie vidole vyako mpaka viwe vimefundisha vidole vingine. Wakubwa wako wakikukabidhi kitu, kikukute mikono iko wazi, nawe siku ya kukikabidhi kwa wadogo zako kiwe bado na mlango wake. Amina, na njaa isikukute nyumbani kwako, na kama ikikukuta, ikukute umetega.