Namba za Gari la Maiti

Jumamosi ile Puleng Lesenyeho alikuwa mbele ya msafara, akiendesha gari lake la maiti, mzee Molapo yuko nyuma yake ndani ya jeneza, taa zimewashwa, gari linatambaa kama desturi inavyotaka. Makaburi ya mtaa wao, Vosloorus, hayamsubiri mtu siku ya Jumamosi. Kila familia ina saa yake, na ukichelewa wenzako wanaingia na maiti wao, wewe unakaa kando.

Alipovuka tu daraja la barabara kuu, askari wa barabarani akamwonyesha asimame pembeni.

"Mama, shuka."

"Kaka yangu, nina marehemu humu."

"Nimemwona. Shuka."

Askari akalizunguka lile gari jeusi, akasoma namba za mbele, akasoma za nyuma, akazitamka kwenye redio yake. Jibu lililorudi lilimkunja uso. Gari lenye namba hizo lilivunja kizuizi Jumanne, likamgonga askari mwenzao mguu, likatokomea. Tena lilikuwa linapita chini ya matao ya kamera za tozo ya barabara kila kukicha, bila kulipa hata senti.

"Jumanne gari hili lilikuwa gereji, limepasuliwa giaboksi!" Puleng alisema. "Mpigie fundi sasa hivi."

"Hayo utayaeleza kituoni. Gari halitoki hapa."

Mjane, mama Mmathapelo Molapo, alishuka kwenye gari la nyuma akiwa amejifunika blanketi lake la msiba. Mchungaji naye akaja, akaomba kwa upole, kisha akaomba kwa sauti. Wapi! Mwishowe jirani mmoja akarudisha nyuma pikapu yake, iliyotoka sokoni asubuhi ile ile, na wanaume wakamhamishia mzee humo. Jeneza lilizidi urefu, likafungwa kwa kamba lisidondoke. Majani ya kabichi yalikuwa bado yametapakaa sakafuni.

Mjane hakulia. Alisema tu, "Maisha yake yote alikaa kanisani safu ya mbele. Leo anasafiri na kabichi."

Puleng aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama kando ya barabara, funguo zake ziko mkononi mwa askari, na akatamani ardhi immeze. Baadaye aliambiwa kwamba saa ya akina Molapo ilipita, wakaachwa juani wakitazama wengine wanazika.

Gari lile aliachiwa na marehemu mumewe, na alikuwa amezika nalo nusu ya mtaa. Watu walimwamini kwa sababu hakukimbiza maiti wala hakumkaripia mfiwa. Ni kweli, tozo hakuwa analipa. Serikali ilipoinua yale matao juu ya barabara ambazo watu walizikuta tangu zamani, Puleng alikuwa ukumbini kwenye mkutano wa kuyapinga pamoja na wengine wote, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka, akakataa kununua kile kidude cha kulipia cha kubandika kiooni. Madai yakija, aliyatumia kuwashia moto wa kuchomea nyama. Lakini namba zake aliziacha wazi, zimeoshwa, zinasomeka. Wengine walikuwa wakizipaka matope, wakizikunja, wakizifunika kwa kitambaa. Yeye alisema, "Wanisome vizuri. Sijaiba kitu."

Aliyewasha moto wa kukataa tozo siku ile ukumbini alikuwa Bheki Masondo, mkodishaji wa mahema na viti. Alikuwa na ulimi wa kuchota maji kwenye jiwe. Mahema yake na gari la Puleng vilikutana karibu kila msiba, na hata siku ile ya mzee Molapo, hema lililofunika wageni lilikuwa lake. Waombolezaji waliporudi kutoka makaburini wamechoka na wamefedheheka, Masondo ndiye aliyesimama mbele yao akasema, "Serikali hii haina huruma hata kwa maiti!" Watu wakaitikia. Puleng, aliyekuwa ameketi nyuma peke yake, sahani ya ugali haijaguswa, naye aliitikia.

Jumatatu alikwenda kituoni na fundi wake. Karani alimsikiliza huku akitafuna.

"Mama, kompyuta inasema ni wewe."

"Kompyuta imeniona uso?"

"Imeona namba."

"Namba ni bati, mwanangu! Bati hukatwa popote!"

"Basi tuletee aliyelikata," karani akasema, akamwita anayefuata.

Akatoka pale bila gari. Aliazima gari la kaka yake, maana misiba haikusimama kwa sababu yake, na familia mbili zilikuwa zimeshampigia kumwambia wametafuta mtu mwingine. Siku moja mchana, akiwa kwenye taa za barabarani, macho yake yalitua kwenye gari jeusi lililosimama mbele yake. Alisoma namba. Akazisoma tena, midomo inacheza. Zilikuwa zake. Gari lake liko yadi ya polisi limefungwa mnyororo, na namba zake hizi hapa, zinasubiri taa ya kijani!

Lilikuwa aina ile ile ya gari, rangi ile ile. Taa zikabadilika, akalifuata. Lilipita chini ya tao la kamera bila wasiwasi wowote, likatoka barabara kuu, likaingia Vosloorus, likapinda mtaa anaoujua, likaingia kwenye uwanja uliojaa vyuma vya mahema.

Masondo alikuwa ameshaishika bisibisi, amechuchumaa nyuma ya gari, Puleng alipoingia.

"Dada Puleng! Karibu, karibu. Nilikuwa nataka nikupigie, kuna msiba..."

"Baba Masondo, hizo namba ni za nani?"

Alitazama kibao, akamtazama mama yule, akaona hakuna pa kujifichia. Basi akacheka.

"Sikiliza, dada yangu. Haya ni mapambano. Mimi nina mikataba na watu wakubwa, siwezi kuonekana nadaiwa. Wewe madai yakija unayachoma, si ndiyo? Hulipi, na hutalipa. Sasa yakiongezeka, nani kaumia?"

Puleng akamsogelea.

"Mzee Molapo kaumia," alisema. "Kabebwa pamoja na kabichi, Bheki, na wewe ukasimama chini ya hema lako ukatulilia. Mimi nilikataa kwa jina langu. Wewe ulikataa kwa jina langu pia! Jina lako uliliweka wapi? Kabatini?"

"Punguza sauti, majirani..."

"Waje! Njooni! Njooni mumwone shujaa wenu!"

Na wakaja, wanawake wametoka na mikono yenye sabuni, wanaume wa gereji ya jirani, wakajaa getini. Puleng alimpokonya bisibisi. Skrubu za nyuma zilitoka upesi, zilishazoea kutolewa. Za mbele zilimchubua vidole. Masondo akamfuata huku na huku akinong'ona bei ya kunyamaza, na kila alipoipandisha, Puleng aliitangaza kwa sauti umati usikie.

Namba zile alizitupa juu ya meza ya karani. Gari lake lilitolewa. Mkubwa wa kituo, akitaka kuonyesha kwamba bado ana meno, akamwuliza, "Na hayo madeni yako mwenyewe ya tozo?"

"Silipi," Puleng akasema. "Andika. Puleng Lesenyeho. Unajua nilipo."

Masondo alikubali kosa la namba bandia, akakana kumgonga askari. Wakili wake alikuwa hodari, akatozwa faini akarudi kwenye mahema yake. Lakini mtaani si kila mtu alikuwa upande wa Puleng. Wapo waliomwita kibaraka aliyempeleka mwenzao polisi, na mtu aliliandika neno hilo kwa rangi kwenye ukuta wake. Alilikwangua mwenyewe, mchana kweupe, akimsalimia kila aliyepita.

Kilichomuuma zaidi ni mama Mmathapelo. Puleng alikwenda kwake, akamsimulia yote. Mjane alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Najua kosa si lako, mdogo wangu," alisema. "Lakini nikikuona tu, namwona mume wangu kwenye ile pikapu. Usije tena."

Hakwenda tena.

Miaka ikapita, na siku redio ilipotangaza kwamba zile kamera zimezimwa, Vosloorus ilipiga honi. Masondo, mvi zimemjaa, alipita barabarani juu ya lori lake la viti, akiimba, watoto wanamkimbilia. Puleng alikuwa uani, anaosha gari. Jirani akamwita kupitia ua, "Mama, toka basi! Tumeshinda!"

"Nimesikia," alijibu. Akaendelea kusugua tairi kwa brashi, kwa nguvu, povu linamrukia usoni.