Mrithi wa Mabati ya Ngolo

Faustina, mtendaji wa kijiji kimoja jirani na Ubaruku, alikuwa mwanamke wa Igowole, mkoani Iringa, mwenye sauti nzito na subira fupi. Angeweza kuwatoa ng'ombe kwenye majaruba ya mpunga kwa kumkemea mwenye mali kwenye simu tu. Wakulima walimpenda, wafugaji walimwogopa, na yeye alijali kazi yake kuliko tumbo lake. Mtu wa namna hiyo akikosea, hukosea kwa nguvu zote.

Msimu wa mvua uliopita mto ulivunja kingo na kuzibomoa nyumba za tope za bondeni. Serikali ikaahidi ruzuku ya kujijenga upya: mabati, mbao na saruji kwa kila kaya. Vijana wa kuandikisha wakapita na vishikwambi, wakiruka madimbwi, hadi kwa Nyamizi, mjane wa Kisukuma aliyekuwa akilala na watoto wake chini ya turubai.

"Hii kaya ya nani?" wakamuuliza.

"Ya Ngolo," akajibu.

Ngolo, mumewe, alikuwa kaburini tangu mwaka juzi. Nyamizi hakudanganya. Kwa watu wake pale, mji hubaki na jina la mwanamume aliyeujenga, na mjane mwenye adabu hajitangulizi mbele ya jina la mumewe. Vijana hawakuuliza zaidi, jua lilikuwa kali na kaya zilikuwa nyingi. Wakaandika Ngolo, wakaenda zao.

Mabati yalipokuja, mfumo ukataka alama ya kidole cha Ngolo. Faustina alihangaika na kompyuta ya ofisi mpaka macho yakamuuma. Hapakuwa na mahali pa kubadili mkuu wa kaya. Akibonyeza "amefariki", kaya nzima inafungwa, kana kwamba watoto nao wamezikwa. Mabati ya Nyamizi yakarudishwa ghala la wilaya, na mawingu ya msimu mwingine yalikuwa yameanza kujikusanya. Faustina akaapa kwamba mwanamke yule atapata paa kabla ya mvua.

Kwa hiyo alipoitwa Iringa, kwenye kikao cha kueleza mahitaji ya mfumo mpya wa kumbukumbu za ruzuku, alikwenda na moto kifuani. Basi lilipopita Mafinga akaziangalia mbao zilizopangwa kando ya barabara, akawa anachagua kwa macho zipi zingemfaa Nyamizi kwa kenchi za paa lake.

Ukumbini, fundi wa mfumo alikuwa kijana mpole aitwaye Clement. Aliwataka watendaji waseme mfumo ufanye nini, naye aandike. Faustina hakungoja kupewa nafasi.

"Mwenye jina akifa, haki yake isife naye. Ihamie kwa mrithi!"

Watu wakapiga makofi. Clement akaandika, kisha akainua kichwa.

"Sawa, mama. Na mrithi mfumo utamjuaje?"

"Kwa muhtasari wa kikao cha ukoo, baba. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Alijibu bila kupepesa macho. Baba yake alipofariki kule Igowole, ukoo ulikaa baada ya matanga, wazee wakamsimamisha mama yake mbele ya katekista na kumkabidhi kila kitu, shamba la miti na nyumba. Faustina alidhani kila ukoo duniani ni kama ule. Jioni ile alisaini mahitaji pamoja na wenzake, akarudi kijijini anaimba.

Mfumo mpya ulipowashwa, alimfuata Nyamizi palepale kwenye turubai.

"Nyamizi, mambo yamekaa sawa! Ukoo ukae, uandike mrithi, basi. Ni karatasi tu."

Nyamizi aliacha kupepeta mchele.

"Ukoo wa nani, mama mtendaji?"

"Wa marehemu."

"Wa Nashoni, basi." Nashoni alikuwa kaka yake Ngolo. "Ngolo alipokufa walitaka Nashoni anirithi. Nilikataa. Tangu siku hiyo hawanisalimii. Ndio hao unaowapelekea mabati yangu?"

 Maneno yake mwenyewe ya Iringa yalimrudia Faustina moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Alimpigia Clement simu, akamsihi mfumo umkubali mjane moja kwa moja.

"Mama, mahitaji yalishapitishwa," Clement akasema kwa huruma ya kweli. "Nimeweka kama ulivyosema. Labda toleo lijalo. Ila kaya zisizokamilishwa mwezi huu zinafutwa."

Ukoo ukakaa. Nyamizi ndiye aliyewapikia, kwani mjane hawezi kuwaacha shemeji zake na njaa. Aliwapelekea ugali na maji ya kunawa, akarudi jikoni, na wakati anaosha vyombo walimchagua Nashoni.

Nashoni alipouleta muhtasari ofisini, Faustina alishika muhuri. Akigoma, kaya inafutwa na hakuna atakayepata kitu. Akigonga, mali ni ya Nashoni. Alimtazama mzee yule usoni.

"Baba Nashoni, mabati haya ni ya kuezekea nyumba ya watoto wa Ngolo. Umesikia?"

"Mheshimiwa mtendaji, watoto wa kaka yangu ni wanangu. Watalala chini ya bati, naapa."

Akagonga. 

Lori la wilaya lilishusha mzigo mbele ya ofisi huku matone ya kwanza yakianza kuanguka. Nashoni alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, akapakia mabati na mbao, akageuza ng'ombe kuelekea kwake.

"Ulisema nyumba ya watoto!" Faustina akafoka.

"Nyumba yao nimewajengea, mheshimiwa. Iko kwangu, uani, kando ya nyumba ya mama Antoni. Inangoja bati tu." Hakuwa amekasirika hata kidogo. "Na mama yao simfukuzi."

Mama Antoni alikuwa mke wa Nashoni, na kando ya nyumba ya mke mkubwa ndipo hujengwa ya mke mdogo. Kiapo cha mzee yule hakikuwa na tobo.

Mvua ikashika. Mkokoteni ulikuwa umekwisha kupita daraja Nyamizi alipotokea njiani, turubai limekunjwa begani, mtoto mdogo mgongoni, wakubwa wamebeba sufuria na magodoro. Alikuwa amejifunga kanga safi, ile ya kwenda ugenini.

"Nyamizi, mwanangu, unakwenda wapi?"

Nyamizi hakusimama.

"Nayafuata mabati yangu, mama mtendaji."