Marehemu Hachezi Kamari

Ujumbe uliingia Jumanne asubuhi, Risper akiwa amepiga magoti ufuoni Mbita, anatoa mawe kwenye omena, dagaa wa ziwani, alizoanika. Ulisema: Ndugu Jacktone, kufuatia sheria mpya ya michezo ya kubahatisha, kampuni yetu imefunga huduma zake. Salio lako limerudishwa kwenye laini yako. Asante kwa kucheza nasi.

Risper aliufuta bila hata kuangalia salio. Wezi wa simu hawana haya, alijiambia, sasa wamefika hadi makaburini. Jacktone, mumewe, alizikwa miaka miwili iliyopita, na alipokuwa hai alikuwa shemasi wa kanisa la Sabato, mtu asiyeonja hata chai ya majani. Yeye ndiye aliyemsimamisha kijana mmoja wa kwaya miezi mitatu mizima kwa kukutwa akibashiri mechi za Uingereza.

Laini, hata hivyo, ilikuwa kweli ya Jacktone. Risper hakuwahi kuipelekea kampuni ya simu habari za kifo. Mwanzoni ilikuwa shughuli za matanga, baadaye ikawa wateja, maana wanunuzi wa omena kutoka Migori hadi Magunga waliijua namba hiyo moja tu, na nambari ya siri alikuwa nayo tangu zamani. Hayo ndiyo maelezo anayoyatoa akiulizwa. Ukweli ni kwamba kila mteja akitaka kulipa, jina la Jacktone Owiti hutokea kwenye simu yake kabla hajathibitisha, naye husema kwa sauti, "Jacktone, siyo?" Risper alipenda kulisikia. Hakuna ujanja wala hesabu hapo, alipenda tu.

Alhamisi akaja Nchagwa, mnunuzi wa kutoka Kehancha. Alisimama kando ya magunia yake manne akibonyeza simu mara ya tatu.

"Mama Job, inakataa. Inasema hii laini imefungiwa."

"Jaribu tena, Baba Nyangi. Labda ni mtandao."

"Mtandao iko. Kwani mzee amefanya nini?"

Nchagwa alikuwa ameanza kununua mwaka uliopita tu. Huyo mzee yeye alimjua kwa jina la kwenye simu tu, na Risper hakuwahi kumweleza zaidi. Sasa pia hakumweleza. Nchagwa alisema noti hatembei nazo barabarani, kwamba angerudi Alhamisi ijayo, na kama laini bado ingekuwa hivyo, angenunua kwa wengine. Hakusema kwa ubaya, lakini alisema.

Kesho yake Risper akaenda Homa Bay, kwenye duka la kampuni ya simu. Kwenye mkoba alitia kitambulisho cha Jacktone na, bila kujua kwa nini, cheti cha kifo pia. Msichana wa kaunta, Beverlyne kwa kibandiko cha kifuani, alisoma kompyuta yake kwa muda.

"Mama, hii laini imeingia elfu thelathini na nane ya kampuni ya kubet. Hiyo kampuni haikuwa na leseni, imefungwa. Sasa kila mtu alirudishiwa pesa lazima akuje mwenyewe na kitambulisho, tuone kama ni yeye."

"Hawezi kuja."

"Yuko kazi?"

"Hayuko."

"Amesafiri?"

Risper akajikuta anaitikia kwa kichwa. Kwa dakika moja hivi Jacktone alikuwa amesafiri kweli, pengine yuko Sori, atarudi na samaki. Kisha akili ikamrudia na akashika la kushika.

"Nyara, binti yangu, hapo mmekosea. Mume wangu habet. Ni shemasi."

Beverlyne, ambaye nadhani hakupaswa kufanya hivyo, aligeuza kompyuta ili Risper ajionee. Shilingi ishirini, hamsini, ishirini tena, miaka mitatu. Nyingi zilikuwa za Jumatano jioni. Jumatano ni siku ya maombi. Shemasi wetu alikuwa akitoka nyumbani na Biblia kwapani, na kati ya mlango wake na mlango wa kanisa alipata nafasi ya kushughulikia mechi.

Ya mwisho ilikuwa ya shilingi mia mbili, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Tarehe hiyo Risper hakuhitaji kukumbushwa. Jacktone alikuwa amelazwa hapo hapo Homa Bay. Mia mbili hizo Risper alizitia kwenye laini yeye mwenyewe, kwa wakala wa lango la hospitali, ili mgonjwa awe na cha kununulia maziwa. Aliporudi kutoka foleni ya dawa alimkuta ameshika simu. "Naangalia saa," Jacktone alimwambia, na saa kubwa ilikuwa ukutani mbele yake. Jua lilikuwa halijazama, kwa hiyo Sabato ilikuwa haijaingia, tumpe haki yake. Alfajiri ya Jumamosi akafa, na mchungaji akahubiri kaburini kwamba heri anayepumzika siku ya Bwana. Mechi ya mwisho kati ya alizobashiri ilichezwa Jumapili, na Jacktone akashinda hizo elfu thelathini na nane.

Risper alikasirika. Kisha akaona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Kisha akawaza kwamba huenda mtu yule alikuwa akihangaikia bili ya hospitali, akamhurumia, halafu akakumbuka yule kijana wa kwaya na hasira ikarudi upya. Miaka kumi na tisa alilala kitanda kimoja na nani?

"Mama," Beverlyne alisema polepole, "kama mzee alishaenda, sema tu. Marehemu habet. Unaleta cheti ya kifo na barua ya chifu, tunaweka laini kwa jina yako. Namba inabaki."

"Na jina lake?"

"Jina inatoka."

"Haiwezi kubaki hapo kidogo?"

Beverlyne alirudisha kompyuta upande wake. Alisema tu kwamba asipofanya hivyo, laini itazimwa mwisho wa mwezi. Risper alikaa na mkoba mapajani, watu wawili wakahudumiwa kabla yake. Mwishowe alitoa cheti, akakiweka kwenye kaunta.

Barua ya chifu aliileta Jumatatu, na Jumatano laini ikafunguka. Pesa zilikuwemo. Hajazigusa, maana hajui kama zinatolewa zaka, na kumuuliza mchungaji hathubutu.

Alhamisi Nchagwa akarudi, akapakia magunia, akatoa simu. Kidole kikasita.

"Mama Job, hapa inaonyesha Risper. Mimi najua Jacktone. Nimekosea namba?"

"Hujakosea. Tuma." Njia nzima ya kuja ufuoni Risper alikuwa ametunga majibu, na yote yakampotea. "Mzee alikufa."

Nchagwa alivua kofia. "Pole sana. Haki sikujua. Alikufa lini?"

Risper alifungua mdomo aseme miaka miwili.

"Wiki hii," alisema, akaketi juu ya nyavu, na akaanza kulia.