Siku Kumi na Moja za Kumsubiri Mtoto

Nilikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi mjini Shinyanga tulipoletewa mama lishe wa Kagongwa aliyegongwa na pikipiki. Alikuwa ameumia kichwa, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba kasoro.

Siku ya pili alianza kukojoa bila kiasi. Nilimwaga mfuko wa mkojo, nikigeuka umejaa tena, mkojo mweupe kama maji. Daktari alinieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo; homoni yake moja huziambia figo zisimwage maji yote. Sasa ilikuwa imenyamaza. Madaktari walimpima mara mbili kwa makini: ubongo ulikuwa umekufa. Ila moyo wa mtoto ulikuwa unadunda.

Daktari alimwita mume wa mgonjwa, mchimbaji wa dhahabu aliyetoka Geita na matope miguuni, na mama mzazi wa mgonjwa, mkulima kutoka Mhunze.

"Nimemshika, ana joto," mama alisema. "Mnasemaje amekufa?"

"Amefariki, mama," daktari alijibu taratibu. "Anapumuliwa na mashine. Lakini tukimpa dawa badala ya homoni ambazo mwili wake hautoi tena, mtoto anaweza kukomaa zaidi. Siwaahidi."

Mchimbaji alilia, kisha akaitikia kwa kichwa. Mama akauliza, "Mtoto anahitaji siku ngapi?"

"Kila siku inamsaidia."

"Basi mshikilieni."

Tulimshikilia siku kumi na moja. Nilipima mkojo, nikafuata saa za sindano, nikamwogesha. "Samahani dada, nakugeuza," nilimwambia kila mara, ingawa nilijua hasikii. Mama yake alikuja kila asubuhi, akaweka kiganja juu ya tumbo na kuliimbia Kisukuma.

Presha ilipoanza kushuka na dawa kushindwa kuipandisha, alipasuliwa. Akatoka msichana mdogo mno, akalia kwa sauti nyembamba. Mashine ilizimwa mume akiwa amemshika mkewe mkono. Baadaye yeye na bibi walipokezana kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akaongezeka uzito.

Mwezi uliopita walipita kutusalimia wakitokea Kahama. Mtoto ameanza chekechea.

"Mwamkie shangazi," bibi alimwambia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akainama kuvitazama viatu vyangu vya plastiki vya wodini. "Mbona viatu vyako vina matundu?"