Tone Moja kwa Mama

Sisi wapiga deki wa maabara tunamwita mtafiti wetu Soksi, maana huvua viatu mlangoni ili vishindo visimsumbue "mgonjwa" wake. Mgonjwa mwenyewe ni seli moja ya ubongo wa panya, iliyochomwa kisindano chembamba kuliko unywele, na kila ikishtuka spika hulia: ta, ta, ta. Mikono ya Soksi ni mikubwa kama ya mwashi, lakini akidondosha serotonini, ile kemikali ya ubongo, utadhani analisha mtoto mchanga. "Taratibu, mwanangu," huinong'oneza, na spika hupunguza mwendo.

Juzi alimpigia mama yake, akaweka simu mezani, sauti wazi. "Mama, umekunywa vidonge vyako vya wasiwasi leo?"

"Nimeshakwambia, sitaki vitu vya kunizima ubongo."

Hakubishana. Aliisogeza simu kwenye spika, akadondosha tone. Ta-ta-ta ikawa ta... ta... ta.

"Vidonge vyako vinaongeza kemikali hii hii, mama."

"Mbona haijazimika?" mama akauliza.

"Haizimiki, mama. Imeacha pupa tu."

Nilisimamisha deki. Kwenye simu tulisikia maji yakimiminwa kwenye glasi.