Paa la Gari la Anania

Siku Anania alipovuka mpaka wa Tunduma akirudi kutoka migodi ya Kitwe, angeweza kupita kimya kimya kama wenzake wanavyorudi kwao. Lakini wapi! Aliegesha gari lake la kijani mbele ya maduka, akangoja watu wajae, kisha akabonyeza kitufe. Paa la turubai likajifungua lenyewe, likajikunja taratibu, likajilaza nyuma ya viti. Watu wakashika vichwa. Wauza viazi wakaacha mafungu yao chini wakaja kutazama. Anania akawasha sigara, akajitia hana hili wala lile, na kumbe moyoni anachekelea.

Alipobonyeza tena ili paa lifunge, halikufunga.

Hakubabaika. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa sabini na nne, mvua iko mbali. Akaendesha hivyo hivyo wazi hadi kwao Hasamba, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Mama yake, bibi Nesta, alilizunguka gari, kisha akalipapasa boneti kama mtu anayepapasa ndama. Anania ndiye mtoto pekee aliyembakia. Mke wa kabila la Wabemba aliyeishi naye Kitwe alikataa katakata kuvuka mpaka, kwa hiyo sasa walikuwa wawili tu, mama na mwana, na gari.

Gari lenyewe lilikuwa limetumika. Aliuziwa na Mzungu mmoja msimamizi wa mgodi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, na siku ya kumpa funguo Mzungu yule alimwonya kwamba paa hilo linasukumwa na pampu na jeki za mafuta, asije akalivuta kwa mkono hata siku moja. Anania hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikwisha kumwona rafiki yake akilazimisha winchi iliyokwama huko chini ya ardhi, na winchi ikaondoka na mkono wake. Tangu hapo aliiheshimu mashine kuliko anavyomheshimu mchungaji.

Ndipo ikaja operesheni ya vijiji. Watu wakaambiwa wahame kwenye mashamba yao, wakakae pamoja katika kijiji kipya kule bondeni, na hakuna aliyeulizwa anaonaje. Bibi Nesta aligoma kutoka ndani. Basi vijana wa mgambo wakapanda juu, wakaiezua nyumba yake, nyasi zikawa zinamwangukia akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Anania alifika mbio, akamtoa nje, akawa anamkung'uta masizi kichwani kama mtoto. Bibi hakulia. Aliwakazia macho vijana wale kwa hasira.

"Sasa nitalala wapi, baba?" aliuliza.

"Paa ninalo mimi, mama," Anania akamwambia. "Utalala kwenye gari, na nitalifunga kabla mvua haijaanza."

Hiyo ndiyo ahadi aliyompa, mbele ya watu.

Huko bondeni wenzake walisimamisha nguzo na kukata nyasi. Yeye akaingia ndani ya buti la gari, miguu tu ikabaki nje. Kitufe kilikuwa hakitoi hata mlio, basi akafuata nyaya moja moja kutoka kwenye betri mpaka akakuta fyuzi imeungua, akaizungushia karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Mota ikanguruma, paa halikutikisika. Akafungua kitungi cha mafuta cha pampu, akakuta kikavu. Akapapasa mipira yote ya kupitishia mafuta mpaka akaupata uliopasuka, akaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mafuta alimwomba dereva wa trekta la kijiji, yale yale yanayonyanyua jembe la trekta. Akajaza, akabonyeza, na jamani, paa likainuka! Bibi Nesta akapiga vigelegele peke yake.

Likainuka nusu, likarudi. Kesho yake nusu, likarudi. Kabla wiki haijaisha likaganda pale juu kama bawa la kuku aliyeteguka, haliendi mbele wala halirudi nyuma.

Jirani yao Yonasi, mtu mpole asiye na maneno mengi, alikuja mara kwa mara kumsihi Anania aachane na chuma hicho akakate nyasi kabla moto wa porini haujazimaliza. Alipoona hasikilizwi akatenga mzigo wa nyasi zake mwenyewe, akauweka pembeni kwa ajili ya bibi. Akamwomba bibi ahamie kwake kwa muda. Bibi akabetua midomo. Yeye akalale kwa watu, na mwanawe ana gari? Na Anania, Mungu amsamehe, alilipenda jibu lile.

Jioni moja bibi alikaa akimwangalia anavyohangaika, amejaa grisi mpaka masikioni, kisha akauliza taratibu tu.

"Mwanangu, si ulivute kwa mkono?"

"Mashine hailazimishwi, mama. Utavunja jeki."

"Haya," akasema bibi. Hakuuliza tena.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima pale dereva mmoja wa lori aliyepita kijijini aliponusa yale mafuta akacheka. Akamwambia kwamba mafuta ya trekta yanavimbisha mipira ya ndani ya jeki za gari kama lile, ndiyo maana zimekaba, na kwamba zinataka mafuta ya breki. Anania akaona amepona. Asubuhi akapanda lori hilo hilo kwenda Tunduma, akazunguka duka kwa duka, maana vitu vilikuwa vimeadimika, mpaka mzee Othmani muuza vipuri akamtolea kopo moja kutoka uvunguni. Anania akalikumbatia njia nzima ya kurudi.

Mvua ilimkuta njiani. Siyo manyunyu ya kufungulia msimu, ilikuwa mvua ya mawe. Alishukia barabara kuu akakimbia, roho juu, akijiambia kwamba bibi atakuwa amekwenda kwa Yonasi, hawezi kukaa pale, si mtoto.

Alimkuta kwenye gari. Amekaa wima kiti cha nyuma, nguo zimemganda mwilini, meno yanagongana. Blanketi lake, lile Anania alilomtumia kutoka Kitwe, alikuwa amelitandaza juu ya viti vya mbele na kulichomeka pande zote. Mke wa Yonasi alikuwa amekuja kumchukua, bibi akamfukuza. Alisema analinda gari.

"Viti havijalowa sana, baba," alimwambia mwanawe.

Kichomi kilimshika siku ile ile. Gari lipo, lakini petroli ilikuwa haipatikani wilaya nzima ya Mbozi, kwa hiyo wanaume walimbeba kwa kitanda kwenda zahanati, na Anania ameshika mguu wa mbele. Walipofika kwenye mto alihisi kitanda kimebadilika uzito. Akaendelea kutembea, hakumwambia mtu, mpaka Yonasi alipomshika bega akamwambia washushe.

Watu walipotawanyika msibani, Anania alirudi kwenye gari. Hapakuwa tena na wa kumfungia paa, ila mikono yake haikujua kazi nyingine. Alitaka azisafishe zile jeki, atoe mafuta ya trekta, atie ya breki. Ili atoe jeki ilimbidi achomoe pini mbili zinazozishikisha na fremu ya paa. Akaigonga ya kwanza, ikatoka. Akaigonga ya pili. Paa likalegea, naye akalidaka kwa mkono mmoja lisimwangukie.

Likamfuata mkono. Akalivuta kidogo, likaja. Akalivuta tena, likaja mbele bila ubishi wowote, jepesi kama shuka, likagusa kioo cha mbele. Akafunga vibanio vyake viwili. Basi, kwisha kazi.

Anania aliingia akakaa kiti cha nyuma, pale pale alipokaa mama yake. Manyunyu yalipoanza, hakuna tone lililoingia. Hapo ndipo alipolia, akalia kwa sauti kama ng'ombe, anasema kwa mkono, mama, kwa mkono tu, na mvua ikameza maneno yake.

Yonasi alisikia kilio bila kusikia maneno. Akaja amejifunika jani la mgomba, akaliona paa limefungwa, akasimama ameduwaa.

"Umeliweza! Kumbe lilikuwa na nini?"

Anania alifumbua mdomo amwambie. Alimtazama mtu huyu aliyemtengea nyasi.

"Mafuta," akasema. "Lilikuwa linataka mafuta ya Tunduma."

Yonasi akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi usijilaumu, ndugu yangu. Ulifanya yote ya kufanya."

Anania akaitikia kwa kichwa. Kopo la mzee Othmani lilikuwa bado ndani ya buti, halijafunguliwa.